Kutoka komyuniti koleji mpaka digrii ya UW: mwongozo kamili kwa sisi tunaoishi Washington (mfano wa Cascadia na UW Bothell)

Ukishuka basi la 522 au 535 pale Bothell, kaskazini mwa Seattle, utakuta vyuo viwili vimekaa kiwanja kimoja. Kimoja ni Cascadia College, komyuniti koleji (chuo cha umma cha digrii za miaka miwili), cha pili ni University of Washington Bothell, tawi la UW ile ile kubwa ya Seattle. Maktaba ni moja, jengo la mazoezi ni moja, parking ni moja, na toka 2023 kuna jengo la sayansi linaitwa Innovation Hall wanalotumia wote. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa Cascadia anakaa meza moja na mtu wa mwaka wa nne wa UW na huwezi kuwatofautisha kwa kuangalia.

Lakini kwenye karatasi hivyo ni vyuo viwili tofauti kabisa, na hapo ndo watu wetu wengi wanaumia, kwasababu mtu anadhani akishaingia upande mmoja basi upande wa pili utafunguka wenyewe. Haufunguki wenyewe. Ushirikiano wa hivi vyuo ni mzuri sana na mimi nimeutumia na ninawasukuma watu wautumie, ila unafanya kazi kwa yule aliyepanga kuanzia digrii anayoitaka akarudi nyuma mpaka kozi ya kwanza. Ukianza mbele kwenda mbele tu, unachukua kozi yoyote iliyo wazi jioni, unaweza kumaliza miaka miwili na ukaambiwa nusu ya ulichosoma hakihesabiki kwenye fani yako.

Najua kwasababu yalinikuta. Chuo cha kwanza nilichosoma hapa, sitakitaja, nilikaa kota tatu nzima (kota ni muhula wa kama miezi mitatu) nasoma vitu vya ofisi na kompyuta, mshauri akaniambia "zote zinahamishika", nikaamini, sikuuliza zinahamishika kwenda wapi na zinahesabika kama nini. Nilipopeleka transkripti, yaani rekodi ya kozi na alama zangu, chuo kikuu nyingi zilikuwa za upande wa ufundi, hazikuingia kabisa. Kota tatu, nikiwa nafanya kazi usiku. Kwahiyo nikisema fuata hatua hizi kwa mpangilio wake sio kwamba najua sana, ni kwamba sitaki ulipe nilicholipa mimi.

Kwanza elewa tawi ni nini na kwanini lipo

Bunge la jimbo la Washington liliruhusu matawi ya UW Bothell na Tacoma mwaka 1989, yakafunguliwa 1990. Walengwa walikuwa watu wazima ambao hawawezi kuhamia Seattle kusoma, wenye kazi, wenye watoto, wenye nyumba mbali. Mwanzoni matawi haya yalikuwa na mwaka wa tatu na wa nne tu pamoja na masters, yaani hukuweza kuanzia pale hata ungetaka, ilikuwa lazima utoke chuo kingine na miaka yako miwili mkononi. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza walianza kupokelewa 2006. Bothell ilianza kwenye ofisi za kupanga, alafu mwaka 2000 ikahamia kiwanja cha sasa, na Cascadia ikafungua milango hapo hapo mwaka huo huo. Zamani palikuwa shamba la ng'ombe.

Historia hii ina maana kwako. Mtu anayetoka komyuniti koleji kwenda UW Bothell hapiti mlango wa nyuma, tawi lilijengwa kwa ajili yake. Ukikaa mbele ya afisa udahili usiongee kama mtu anayeomba hisani.

Na digrii inatoka University of Washington. Hakuna anayekupa karatasi ya daraja la chini kwasababu ulisomea tawini.

Hatua ya 1: chagua fani na kampasi kabla ya kuchagua kozi

Huna haja ya kuwa na uhakika wa maisha yako yote. Unahitaji fani moja au mbili za kuanzia na kampasi moja au mbili. Alafu fungua ukurasa wa udahili wa hiyo fani, tafuta sehemu ya mahitaji kwa wanaohamia, chapisha au andika kwa mkono. Nasema kwa mkono kwasababu ukiandika unaona. Mimi karatasi yangu ilikaa mlangoni mwa friji miaka miwili, kila kota ikiisha nachukua kalamu nyekundu nakata.

Mfano wa biashara, maana wengi wanaiulizia. Komyuniti koleji za Washington zina namba za kozi za pamoja, ukiona alama ya & kwenye namba ya kozi ujue kozi hiyo ina jina na namba ile ile kwenye koleji zote za jimbo. Kwa biashara utakuta ACCT& 201, 202 na 203 ambazo ni uhasibu, ECON& 201 na 202 ambazo ni uchumi, MATH& 148 ambayo ni kalkulasi ya biashara, MATH& 146 takwimu, na BUS& 201 sheria ya biashara. Sasa hesabu mwenyewe: uhasibu peke yake ni kota tatu kwa kufuatana, huwezi kuruka. Na MATH& 148 ina ngazi chini yake, ukianzia hesabu za chini unaweza kuhitaji kota mbili au tatu kabla hujaigusa. Mtu asiyejua hili anaacha hesabu mwisho "akili ikitulia", alafu mwaka wa pili unaisha na mlango wa biashara umefungwa kwake.

Kompyuta ni hivyo hivyo, hesabu za kalkulasi na programming zinafuatana. Kwahiyo sheria yangu ni moja, hesabu inaanza kota ya kwanza. Hata kama unaiogopa. Hasa kama unaiogopa.

Hatua ya 2: jua aina ya digrii ya miaka miwili, hapa ndo pa kusoma taratibu

Komyuniti koleji inatoa digrii za miaka miwili za aina kadhaa na majina yanafanana mpaka yanachanganya, ila tofauti yake ni kubwa mno.

Ya kwanza ni DTA, kirefu chake Direct Transfer Agreement. Hii ni makubaliano ya jimbo zima kati ya koleji na vyuo vikuu. Ina krediti 90 za kota (krediti ni kipimo cha uzito wa kozi): 10 za uandishi, 5 za hesabu, 15 za humanitizi, 15 za sayansi ya jamii, 15 za sayansi asilia ikiwemo maabara, na 30 zinazobaki ni za kuchagua. Ukimaliza DTA ukahamia, chuo kikuu kinahesabu masomo yako ya msingi yameisha na unaingia kama mwaka wa tatu. Digrii ya kwanza ni krediti 180, kwahiyo uko nusu ya safari kamili.

Cascadia DTA yao wameipa jina lao wenyewe, Associate in Integrated Studies, usishtuke ukikosa neno "Arts" ulilozoea kulisikia kwingine. Uliza swali moja tu: hii ni DTA?

Ya pili ni zile DTA zilizofungwa na fani, wanaongeza herufi MRP. Kuna ya biashara, kuna ya maandalizi ya uuguzi, na nyingine. Zinakupangia zile krediti za kuchagua ziwe mahitaji ya fani. Kama fani yako ina MRP chukua hiyo, usijitungie ratiba.

Ya tatu ni AS-T, ya wanasayansi. Track 1 ni baiolojia, kemia, mazingira na jamaa zake, Track 2 ni uinjinia, fizikia na kompyuta. Hapa unasoma sayansi nyingi mapema na masomo ya msingi mengine unayamalizia chuo kikuu. Ni nzuri kwa anayejua anakokwenda, ila ukibadili mawazo katikati ukataka kwenda sosholojia itakugharimu.

Ya nne ni AAS, ya ufundi. Inakupa kazi, na kuna watu inawafaa kabisa, fundi umeme, fundi magari, msaidizi wa daktari wa meno. Lakini haikujengwa kwa kuhamia. Ukiona AAS kwenye karatasi yako na nia yako ni UW, simama hapo hapo nenda kwa mshauri kesho asubuhi. Hii ndo iliyonila kota tatu.

Nyongeza fupi: komyuniti koleji nyingi za Washington sasa zenyewe zina digrii za miaka minne za upande wa kazi, Cascadia wanazo pia. Kama digrii iliyopo pale pale ndo kazi unayoitaka, sio lazima uhamie popote.

Hatua ya 3: kuingia komyuniti koleji, vyeti na Kiingereza

Habari njema ni kwamba komyuniti koleji mlango uko wazi. Haziangalii ulipata division ngapi Form Four wala KCSE ilikuwa C au D. Unajaza maombi, unapimwa kiwango cha Kiingereza na hesabu ili ujue unaanzia wapi.

Kama hukumaliza sekondari, kuna programu ya jimbo inaitwa High School+ (zamani High School 21+) kwa watu wazima, inakupa diploma ya sekondari kabisa na inahesabu uzoefu wako wa maisha na kazi. Kuna GED pia, mtihani wa kupata cheti kinacholingana na cha sekondari. Na kama ulimaliza ila vyeti vimebaki Bukavu au vimeungua, au shule yenyewe haipo tena, sema ukweli kwenye ofisi ya misaada ya masomo, kwa wakimbizi kuna utaratibu wa kutoa tamko la maandishi pamoja na hati za kuingilia nchini. Usinunue cheti. Nasema tena, usinunue cheti, kuna watu wanauziwa vyeti vya onlaini vya sekondari kwa mamia ya dola na chuo hakivitambui.

Kama ulisoma chuo nyumbani, Dar, Nairobi, Goma, popote, hizo krediti zinaweza kuhesabika lakini mara nyingi transkripti inatakiwa ipitishwe kwenye tathmini ya kimataifa, wengi wanatumia kampuni inaitwa WES. Uliza kwanza chuo unachohamia kinakubali tathmini ya nani kabla hujalipa.

Kuna jambo dogo la lugha ambalo watu hawalijui. UW wanataka kwenye udahili uwe umesoma lugha ya kigeni kiasi fulani. Wewe uliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili mpaka darasa la saba unaweza kuwa umeshalitimiza hilo sharti bila kukaa darasani hata siku moja, kinachotakiwa ni uthibitisho wa shule. Tafuta cheti chako cha darasa la saba au ripoti za shule, piga simu kwa shangazi akafungue lile sanduku. Nilimuona kijana anataka kulipia Kihispania cha kota mbili wakati cheti chake kiko Morogoro.

Hatua ya 4: pesa

Ada ya komyuniti koleji kwa mkazi wa jimbo iko chini ya nusu ya ada ya UW. UW inazidi dola 12,000 kwa mwaka, koleji inazunguka kwenye 4,000 na kitu hadi 5,000. Miaka miwili ya mwanzo ukiisomea koleji, tofauti hiyo ni gari, au ni kodi ya nyumba ya miezi kadhaa.

Sasa fomu za kuomba msaada wa ada. FAFSA ni ya serikali kuu, ya raia, wenye green card, wakimbizi na waliokubaliwa asylum. Mkimbizi hasubiri green card, I-94 yake (hati ya kuingilia nchini) yenye hadhi ya ukimbizi inatosha kuanzia. Kama kesi yako ya asylum bado inasubiri, au huna hadhi inayokubalika FAFSA, jimbo lina fomu yake inaitwa WASFA, na misaada ya jimbo unaweza kuipata kwa kupitia hiyo ukitimiza masharti ya ukaazi. Unajaza moja kati ya hizo mbili, sio zote. Ukikosea fomu unapoteza muda, kwahiyo kama hujui uko upande gani nenda ofisini na karatasi zako zote kwenye bahasha.

Ukishajaza, msaada mkubwa wa jimbo ni Washington College Grant, ambao kwa familia ya kipato kidogo unaweza kulipa ada yote, na Pell Grant ya serikali kuu juu yake. Pell ina kikomo cha maisha, sawasawa na miaka sita ya kusoma kwa wakati wote. Miaka sita inaonekana mingi, lakini mtu aliyepoteza mwaka kwenye AAS isiyomfaa, akarudia hesabu mara mbili, akahamia, anaweza kufika mwaka wa nne UW pochi imebaki na kidogo. Ndo maana hatua ya 1 na ya 2 ni mambo ya pesa pia.

Ukaazi: kwa kawaida unatakiwa uwe umeishi Washington mwaka mzima kwa sababu zisizo za masomo kabla ya kuhesabiwa mkazi wa kulipa ada ya chini. Kuna misamaha, na kwa wakimbizi ipo, ila hawakupi usipoomba. Andika neno hili: waiver. Lipeleke dirishani.

Wenye F-1, yaani viza ya mwanafunzi, njia yenu ni nyingine, hamna FAFSA, ada ni ya mgeni, na mkihama koleji kwenda UW lazima rekodi ya SEVIS (mfumo wa serikali wa wanafunzi wa kigeni) ihamishwe na mpate I-20 mpya, ile fomu ya chuo ya viza yenu. Ongeeni na ofisi ya wanafunzi wa kimataifa ya vyuo vyote viwili kabla ya kumaliza kota ya mwisho, sio baada.

Alafu kuna kitu kinaitwa SAP, maendeleo ya kuridhisha ya masomo, ndo sharti la kuendelea kupata msaada. Kwa kawaida ni wastani wa alama 2.0 kati ya 4.0 na kumaliza kama asilimia 67 ya krediti ulizojaribu. Watu wetu wanaanguka hapa kwa namna moja: bosi anabadilisha shifti, mtu anaacha kwenda darasani kimya kimya, haandiki popote kwamba ameacha. Mwalimu anaweka 0.0. Wastani unaporomoka na msaada unasimama, na wakati mwingine unadaiwa pesa urudishe. Shifti ikibadilika, siku hiyo hiyo muandikie mwalimu na mshauri.

Hatua ya 5: washauri wawili, sio mmoja

Hapa ndo faida ya vyuo kukaa kiwanja kimoja inapoonekana. Unaye mshauri wa Cascadia ambaye kazi yake ni kukumalizia DTA. Lakini upande wa pili, mwendo wa dakika chache kwa miguu, kuna washauri wa UW Bothell wa kuhamia, na wanaongea na wewe hata kama bado hujaomba. Nenda mapema, kota ya pili usipitishe.

Mshauri wa koleji anajua koleji. Ukimuuliza "hii itaniingiza kwenye fani?" anaweza kukujibu kwa nia njema kabisa na akawa hajui, kwasababu fani sio yake. Kwahiyo swali la fani unampelekea wa UW, swali la kumaliza digrii ya miaka miwili unampelekea wa koleji, na majibu unayaomba kwa imeili. Mkiongea uso kwa uso, ukifika nyumbani andika: "Asante kwa leo, nimeelewa kwamba MATH& 148 inatosha kwa fani ya biashara, ni sahihi?" Akijibu ndiyo, una karatasi. Mimi sikuwa na karatasi, nilikuwa na kumbukumbu ya mazungumzo, na kumbukumbu haikunisaidia kitu mbele ya ofisi ya udahili.

Tumia pia maktaba. Ni ya UW, inahudumia vyuo vyote viwili, na mwanafunzi wa Cascadia anakaa humo bila shida. Kama unatoka kazini saa tisa alasiri na darasa ni saa kumi na mbili jioni, hayo masaa ndo yako. Vuli na kipupwe, jua likianza kuzama, kunguru wanaanza kuja kutoka kila upande, maelfu kwa maelfu, wanalala kwenye miti ya bonde la North Creek pale chini ya majengo. Mara ya kwanza nilisimama na vitabu mkononi nikasahau kuingia darasani. Watoto wako wapeleke siku moja wakaone, na waone unaposomea.

Kama unaishi Kent, Tukwila, SeaTac au kusini zaidi

Kuwa mkweli na umbali. Wengi wetu tuko kusini na Bothell iko kaskazini, kwa basi ni safari ndefu ya kwenda na kurudi, na mwenye watoto na shifti hawezi kuibeba miaka minne. Bothell nimeitumia kama mfano kwasababu pale utaratibu wote unaonekana kwa macho, lakini utaratibu wenyewe ni wa jimbo. Highline College pale Des Moines ina kituo cha Central Washington University ndani ya kampasi yake, unaanza koleji unamalizia digrii pale pale. UW Tacoma inapokea watu kutoka koleji za kusini. Ukiwa Everett, kuna WSU Everett, tawi la Washington State University, jirani kabisa na Everett Community College. DTA ni ile ile, namba zenye & ni zile zile, unabadili basi tu.

Neno kwa wauguzi, maana nusu ya maswali ninayopata ni haya

Wengi wetu ni CNA (wasaidizi wa wauguzi) au tunalea wazee majumbani. Kuna mama mmoja wa Uvira ninayemsaidia mpango wake, anafanya usiku kwenye nyumba ya wazee huko Kent, alikuja na wazo kwamba ahamie UW kwanza alafu ndo awe nesi. Nikamwambia mama, geuza. Soma uuguzi wa komyuniti koleji, fanya mtihani wa leseni, uwe RN (nesi mwenye leseni), uanze kulipwa kama RN, alafu ndo umalizie BSN (digrii ya kwanza ya uuguzi) tawini. UW Bothell na UW Tacoma zote zina programu ya RN kwenda BSN kwa watu walio kazini. Na kuna DTA ya uuguzi ambayo koleji inakubeba mpaka krediti 135, chuo kikuu unabaki na 45, ambayo ni kota tatu za wakati wote.

Ugumu uko kuingia hiyo programu ya koleji, nafasi ni chache na alama za anatomia, kemia na mikrobaiolojia zinaangaliwa sana. Programu nyingi pia hazitaki sayansi iliyosomwa zamani mno. Kwahiyo usisome anatomia leo ukapumzika miaka sita.

Hatua ya 6: kuomba UW

Maombi ya kuhamia yanajazwa onlaini, unachagua kampasi na fani. Tarehe ya mwisho kampasi ya Seattle kwa kuanza vuli ni 15 Februari, Bothell na Tacoma zina tarehe zao, ziangalie mwaka unaoomba uziweke kwenye simu miezi mitatu kabla. Unatuma transkripti ya kila chuo ulichowahi kusoma, kila kimoja, hata kile ulichofeli kota moja ukakimbia. Kuficha chuo ni kosa linaloweza kukufukuzisha baadaye, na ile kota mbaya unaweza kuieleza.

Insha ya binafsi usiandikiwe na mtu. Wanataka kujua umetoka wapi kimasomo, kwanini fani hii, na umekutana na nini njiani. Sisi tuna vitu vya kusema ila tunaviandika kwa jumla jumla, "nilipitia magumu mengi". Andika saa. Andika kwamba ulikuwa unatoka kazini saa moja asubuhi unapanda basi mbili unaingia maabara ya kemia saa tatu na ukapata 3.4. Hiyo inasomeka.

Ada ya maombi ipo, na msamaha wa hiyo ada upo kwa wenye kipato kidogo. Kwenye FAFSA ongeza namba ya utambulisho ya UW ambayo ni 003798, kampasi zote tatu zinatumia hiyo hiyo. Usipoiongeza utakubaliwa udahili na msaada hautakufuata.

Na DTA kukupa mwaka wa tatu haimaanishi fani imekupa nafasi. Fani zenye ushindani zinaangalia alama. Kwahiyo omba na fani ya pili inayofanana, na kampasi ya pili.

Hatua ya 7: ukishakubaliwa

Omba tathmini ya krediti, kaa chini uilinganishe na ile karatasi ya friji mstari kwa mstari. Kozi ikiwa imeingia kama ya kuchagua tu wakati ilitakiwa ihesabike kwenye fani, unaweza kukata rufaa, na rufaa inashinda kwa silabasi. Kwahiyo kila kota hifadhi silabasi ya kila kozi kwenye simu na kwenye imeili. Miaka mitatu baadaye mwalimu ameondoka na koleji haina nakala.

Jua pia kwamba UW inahesabu krediti za ngazi ya chini zisizozidi 90 kutoka koleji, kwahiyo kukaa koleji ukikusanya 120 "ili iwe rahisi" hakukusaidii, nje ya mipango maalum kama ile ya uuguzi. Na krediti 45 kati ya 60 za mwisho lazima uzisome UW kwenyewe.

Kama ulihama kabla hujamaliza DTA, bado unaweza kurudisha krediti za UW kwenye koleji yako ukapewa ile digrii ya miaka miwili. Uliza kuhusu reverse transfer. Maisha yakikatiza njiani angalau una digrii moja mkononi.

Wenye watoto sekondari, kuna Running Start, toka 1990. Mtoto wa darasa la 11 na 12 anasoma komyuniti koleji na ada ya masomo hailipwi na mzazi, vitabu na nauli ndo juu yenu. Kuna watoto wanamaliza sekondari na DTA siku moja, wanaingia UW mwaka wa tatu na miaka 18. Ila alama za Running Start zinakaa kwenye rekodi ya chuo maisha yote, mtoto ambaye hajakomaa kujisimamia mpe kozi moja kwanza.

Yule mama wa Uvira aliniletea karatasi yake jumapili baada ya ibada, imekunjwa nne, ina alama ya kikombe cha chai. Amebakiza ENGL& 102 na mikrobaiolojia kabla ya kuomba uuguzi. Pembeni ameandika kwa kalamu nyekundu majina ya washauri wawili na saa wanazofungua ofisi.